Washindi Wangu na Wafu wa Mama Mkwe

Jumamosi, 15 Februari. Siku ya 29 ya ndoa.

...na ndiyo maana nasema mke wangu Smaranda yuko sahihi na gazeti limekosea. Filamu iliyomfanya acheke hadi akaning'ang'ania koti haiwezi kuteuliwa kwa tuzo ya sauti peke yake. Sauti! Kana kwamba tulikwenda kusikiliza lifti. "Lifti Imekwama Tena" ndiyo filamu bora ya mwaka. Waamuzi wa tuzo za Taa ya Shaba wangekuwa wameoa juzijuzi kama mimi, wangeliona hilo.

Orodha ya walioteuliwa imebandikwa leo kwenye mlango wa Sinema Zorile. (Kioo cha mlango ule nilikifunga mimi; ndiyo kazi yangu, vioo na madirisha. Hakipitishi upepo hata chembe.) Tuliisoma pamoja, kichwa chake begani kwangu, theluji inaanguka. Ningesoma hata ratiba ya mabasi kwa furaha ile ile.

Filamu tano zinawania tuzo kubwa. Nimeona moja na nusu. Hiyo nusu nyingine nilikuwa namtazama Smaranda.

Chini ya orodha kulikuwa na tangazo kwa mwandiko wa Bi Aspazia, meneja wa sinema. Mji wetu umepewa viti viwili kwenye sherehe ya tuzo, Bucharest, tarehe 22 Machi. Atapewa mtazamaji wa kawaida mmoja na mwenzi wake. Kila anayetaka aandike nani atashinda, nani atashindwa na kwa nini, atumbukize kwenye sanduku kabla ya Jumamosi ijayo saa sita mchana. Hoteli siku mbili. Kifungua kinywa kitandani! (Hicho cha kitandani hakikuandikwa. Nimekiongeza mimi.)

Fungate! Sisi hatukupata fungate. Tulioana Januari, na mlango wa nyumba yetu ukachelewa kiwandani wiki tatu. Madirisha safi, mlango hakuna. Ikabidi tulale kwa Mama mkwe, ghorofa ya chini yetu, kwenye kochi lililo chini ya picha ya marehemu baba mkwe. Anakutazama. Hata ukigeukia ukutani anakutazama.

Smaranda alilisoma tangazo mara mbili. Nikaapa moyoni. Nitampeleka!

Jumapili, 16 Februari

Chakula cha mchana kwa Mama mkwe Eufrosina. Ugali moto wenye jibini na malai, kachumbari ya kabichi chachu. Nilikula mara tatu. Mama mkwe akasema mkwe anayekula hivi hana roho mbaya. Nampenda mama huyu.

Shemeji Pompiliu naye alikuwepo, bahati mbaya. Ni kaka yake Smaranda, mtu wa posta. Kila Alhamisi yuko sinema, safu ya tano, kiti cha katikati, na daftari. Hutamka neno "sinema" kama daktari anavyotamka "moyo". Ni yeye aliyemwiba bibi harusi siku ya harusi yetu. Najua ni desturi, kila bibi harusi huibwa, lakini wengine humficha baa ya jirani. Yeye alimpeleka kutazama filamu! Kwa saa mbili nilikaa na suti yangu kama mwanasesere, wageni wakiniuliza kama nimeachika.

Akaniuliza leo kama nami nitaandika maoni. Nikasema ndiyo. Akaweka kijiko chini taratibu. Akauliza: shemeji, wewe kwenye filamu unatazamaga nini, fremu za madirisha?

Wote wakacheka. Nami nikacheka. Kwa kweli huwa natazama fremu za madirisha.

Yeye ameshaandika kurasa sita na bado anaendelea.

Jumatatu, 17 Februari

Mpango wa kwanza. "Farasi Asiye na Kwato" huonyeshwa saa nane mchana tu, nami saa nane niko kazini. Nikamwambia bosi nahitajika Sinema Zorile kupima madirisha. Ujanja mzuri kabisa! Bosi akafurahi. Akasema kazi kubwa kama hiyo lazima aje mwenyewe.

Akaja. Tukapima kila dirisha la jengo lile, hata la choo, kwa saa tatu, urefu kamili wa filamu. Bi Aspazia alitufuata kila mahali akitushukuru. Anaamini anapata madirisha mapya.

Farasi nilimwona kwa dakika nne, kupitia tundu la chumba cha mashine ya filamu. Alikuwa amesimama. Maoni yangu: anaigiza vizuri kuliko Casian Vrabie, aliyeteuliwa kuwa mwigizaji bora wa kiume na ambaye pia alikuwa amesimama, lakini bila mvuto.

Smaranda kanipaka mafuta ya mgongo. Mgongo hauniumi tena. Ulikuwa hauniumi hata kabla.

Jumanne, 18 Februari

Mimi na mpenzi wangu, "Vifungo Sita". Hii ndiyo filamu ya Otilia Brandaru, msichana wa hapa hapa mjini, mpwa wa Bi Aspazia. Bi Aspazia ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Ameteuliwa kuwa mwigizaji bora wa kike.

Anaigiza mjane. Kuna mahali analikunja shati la mumewe ili aligawe. Anafunga vifungo. Anagundua amekosea kimoja. Basi anavifungua vyote sita, anaanza upya, polepole, kana kwamba kuna mtu anangoja kulivaa. Hakuna muziki. Hakuna maneno. Mimi nikalia! Mdomo wazi, kama mtoto aliyeangusha mkate. Nililowesha mkono mzima wa sweta ya Smaranda.

(Dirisha lililokuwa nyuma yake lilikuwa la kioo kimoja. Januari, milimani! Mjane yule angeganda. Lakini nilisahau kulaumu hadi tulipofika nyumbani.)

Smaranda anasema Otilia atashinda, na asiposhinda basi waamuzi wana mawe kifuani. Nakubaliana naye asilimia mia. Tulirudi kwa miguu tumeshikana mikono ndani ya glavu moja. Glavu imepasuka. Haidhuru.

Jumatano, 19 Februari

Mpango wa pili! Imebaki filamu moja sijaiona kabisa. Nani kaziona zote? Shemeji. Nikampelekea chupa ya gongo la plamu alilopika baba yangu. Anywe, afunguke, mimi nikariri.

Alifunguka vizuri mno. Kuhusu "Mkaguzi wa Mizani" akanieleza kwamba mwishoni yule mkaguzi anagundulika ana pacha wake, na kuna kufukuzana kwa magari dakika ishirini. Ajabu. Smaranda alisikia kwamba katika filamu hiyo mtu anamenya viazi tu. Watu husema ovyo.

Kisha shemeji akasogeza kiti, akapunguza sauti. Akasema ananiambia hili kwa sababu mimi sasa ni damu yake. Eti Bi Aspazia na Otilia hawasemezani tangu kiangazi. Ugomvi wa nyumba ya bibi yake Otilia. Eti ukimsifia Otilia mbele ya shangazi yake, umejimaliza mwenyewe.

Nilimkumbatia. Ndugu gani huyu! Na mimi nilikuwa namwita majina.

Alhamisi, 20 Februari

Siku ya mawazo. Nimeweka dirisha moja kichwa chini, juu kumekuwa chini. Mwenye nyumba akaniuliza kama nina matatizo. Nikamwambia nina mke. Akanipa pole. Hakuelewa!

Tatizo ni hili. Maoni yangu ya kweli ni kwamba Otilia ndiye bora. Lakini maoni yangu ya kweli hayana hoteli. Bi Aspazia ndiye mwamuzi. Kama hataki kumsikia Otilia, nami nikamsifia Otilia, Smaranda atabaki na kumbukumbu ya kochi na baba mkwe ukutani. Mwanamume wa kweli huyaweka maoni yake pembeni kwa ajili ya mke wake.

Smaranda naye alikaa pembeni ya meza leo, akaandika. Akasema anatumbukiza maoni yake pia. Nusu ukurasa! Nikambusu kwenye paji la uso. Malaika wangu, hajui mbinu.

Ijumaa, 21 Februari

Imekwisha! Nimeandika.

Karatasi zilikuwa zimetuishia. Lakini Mama mkwe alikuwa amekuja kwetu na kijitabu chake cha kanisani, maana anasema meza yetu ina mwanga kuliko yake (vioo viwili, nilifunga mimi). Kesho ni Jumamosi ya kuombea wafu kabla ya mfungo wa Pasaka, na kila nyumba hupeleka karatasi ya majina kwa padri ayasome. Karatasi zenyewe zimechapwa tayari: msalaba juu, mstari katikati, kushoto "Walio Hai", kulia "Waliolala". Nikamwomba moja. Akanipa, akidhani nimeokoka.

Na ilinifaa ajabu! Watakaoshinda nikawaweka kwa walio hai. Watakaoshindwa nikawaweka kwa waliolala. Ucheshi kidogo, Bi Aspazia ataupenda. Kwa walio hai: Casian Vrabie, "Mkaguzi wa Mizani". Kwa waliolala: "Farasi Asiye na Kwato", "Lifti Imekwama Tena" (samahani, lifti yangu), na, nikafumba macho, Otilia Brandaru.

Nyuma nikaandika sababu. Kuhusu Otilia niliandika kwamba anaigiza kama mtu anayengoja basi.

Mimi nikakunja yangu mara nne. Mama mkwe naye, upande wa pili wa meza, akakunja yake mara nne. Tukanywa chai ya maua ya mti wa linden. Nikatia yangu kwenye bahasha, saa kumi na moja nikaitumbukiza sandukuni. Nimerudi nikiruka vidimbwi.

Jumamosi, 22 Februari. Siku ya 36 ya ndoa.

Sijui nianzie wapi.

Kanisa limejaa. Kila mwanamke na bakuli lake la ngano iliyochemshwa na sukari, mshumaa katikati. Bi Aspazia mbele kabisa, na bakuli la marehemu mumewe. Smaranda kajifunga kitambaa cha bluu. Nilikuwa na amani.

Padri Irineu ana miaka themanini na miwili. Husoma silabi kwa silabi, na alichoanza kusoma hakiachi hadi mwisho wa karatasi, hata dari likianguka. Akasoma za kwa kina fulani, akasoma za kwa kina fulani. Kisha akafungua ya Mama mkwe Eufrosina.

Akasoma: mkumbuke, Bwana, mtumishi wako Casian Vrabie.

Nikafikiri, kumbe Mama mkwe naye ni mpenzi wa filamu!

Akasoma: na mkaguzi wa mizani, na nyumba yake yote.

Hapo nikakumbuka meza yetu na karatasi mbili zilizokunjwa mara nne.

Akageukia upande wa wafu. Uwape pumziko, Bwana, mahali pa kijani, watumishi wako. Farasi... asiye... na kwato. Wanakwaya wakatazamana. Lifti... imekwama... tena. Mzee mmoja karibu yangu akafanya ishara ya msalaba. Na... Otilia... Brandaru.

Na kwaya, kwa mazoea tu, kwaya ikaitikia kwa sauti zote: kumbukumbu ya milele! Mara tatu!

Bakuli la Bi Aspazia likaanguka. Ngano ikatapakaa hadi mlangoni. Wanawake wakaanza. Uuuwi, binti mdogo vile! Lini? Ajali? Niliwahi kumwuzia viatu! Bi Aspazia anampigia simu Otilia, haipokelewi. Anapiga tena. Haipokelewi! Shemeji Pompiliu amejificha nyuma ya nguzo, mabega yanatikisika. Nikadhani analia.

Saa tatu nzima mji huu uliomboleza. Mlangoni pa sinema waliweka mashada mawili. La tatu lilikuwa njiani wakati Otilia alipopiga simu mwenyewe kuuliza kwa nini ana simu arobaini ambazo hakupokea. Alikuwa kazini, wanapiga picha za filamu kwenye mgodi wa chumvi, hakuna mtandao.

Mzima. Asante Mungu. Mzima kabisa na ana njaa.

Kisha watu wote wakageuka na kuuliza: karatasi ililetwa na nani?

Jumapili, 23 Februari

Mama mkwe hajainuka kitandani. Ana kitambaa cha siki kwenye paji la uso. Jana kwenye ngazi jirani mmoja alimwuliza: Eufrosina, kesho unamzika nani, utuambie tupike mapema? Mwingine amemzuia mtoto wake asimwamkie.

Mwanzoni aliapa kwamba karatasi ile si yake. Lakini leo asubuhi nimempelekea chai, akanishika mkono. Akasema kwa sauti ndogo kwamba labda ni yeye. Labda akili inaondoka, kama ya mama yake ilivyoondoka. Akasema wiki iliyopita alitia chumvi kwenye kahawa. Akaniomba nisimwambie Smaranda, asiwe na hofu, ndio kwanza kaolewa.

Ningepaswa kusema hapo hapo. Nilifungua mdomo. Nikasema huenda wino ulihama.

Wino ulihama!

Nikapanda juu kutengeneza mpango wa kumwokoa Mama mkwe bila mimi kutajwa. Wa kwanza: macho ya padri. Wa pili: adui asiyejulikana wa familia. Nilikuwa nimefika wa tatu Smaranda alipoingia kutoka kanisani. Padri alikuwa amempa karatasi. Akaiweka mezani, upande wa nyuma juu. Mke wangu anaujua mwandiko wangu. Anasema herufi zangu za "t" zinafanana na vitasa vya madirisha.

Hakupiga kelele. Akasoma kwa sauti: anaigiza kama mtu anayengoja basi. Halafu akauliza jambo moja tu. Tibi, hivi ndivyo ulivyokuwa unawaza Jumanne, ulipokuwa unanilowesha sweta?

Sijawahi kujisikia hivi tangu nizaliwe. Nikamweleza yote. Fungate, shemeji, nyumba ya bibi. Akanisikiliza akiwa bado na kitambaa cha bluu kichwani. Mrembo hata akikasirika! Nikamwambia hivyo. Akasema si wakati wake. Akasema: shuka chini, umwambie Mama.

Nikashuka. Nikamwambia. Mama mkwe akakaa kitandani wima. Akaniuliza mara mbili: kwa hiyo mimi sina kichaa? Huna, Mama. Ni wewe uliyefanya? Ni mimi, Mama. Akanichapa na kitambaa cha siki, shavu la kulia na la kushoto. Kisha akaamka, akapasha kabichi zilizoviringishiwa nyama, akala sahani mbili, akalia kidogo, akanipakulia na mimi. Ile chumvi kwenye kahawa? Smaranda akasema ni yeye aliyechanganya makopo.

Kesho naenda kwa Bi Aspazia. Smaranda amesema niende bila mpango wowote. Sijui mtu huendaje mahali bila mpango.

Jumatatu, 24 Februari

Siku ya wapendanao, ile yetu ya kikwetu. Watu wengine leo wanachuma maua ya kwanza yanayochomoza thelujini. Mimi nilisimama mbele ya meza ya Bi Aspazia, kofia mkononi, mashada mawili yameegemezwa ukutani nyuma yake. Hakujua pa kuyapeleka.

Nikasema yote kwa pumzi moja. Akanisikiliza. Akavuta bahasha yangu, tayari imefunguliwa. Akavaa miwani. Akasema: hebu tuone, kijana. Unatabiri kwamba mwaka huu Taa ya Shaba zitakwenda kwa Eufrosina, kwa Pompiliu, kwa Smaranda, na kwa Tiberiu mkwe. Na watakaoshindwa ni Neculai, Paraschiva, Toader, na mtoto mchanga asiye na jina. Akasema alikaa nayo Jumamosi yote, katikati ya msiba, akijaribu kuelewa ni filamu ipi.

Sikujua kama nicheke. Sikucheka.

Nikamwomba anisamehe pia kwa kuingilia ugomvi wake na Otilia. Akauliza: ugomvi gani? Wa nyumba ya bibi, nikasema. Akasema bibi yake Otilia aliishi nyumba ya kupanga maisha yake yote, na yeye na Otilia huongea kila siku saa mbili asubuhi, hata wakiwa hawana la kusema. Akauliza nani kaniambia. Nikageukia dirisha lake, nikakagua kitasa. Akasema: Pompiliu. Akasema hata kabla ya haya alishamjua. Kurasa kumi na moja ameleta, na saba zinahusu Pompiliu.

Kisha akavua miwani. Akaniuliza mimi, fundi, kwa kinywa changu, nilimwonaje mtoto wake kwenye filamu ile.

Nikatafuta mbinu. Haikuwepo hata moja. Basi nikasema nilivyoona. Shati. Kile kifungo alichokosea. Jinsi alivyovifungua vyote wakati angeweza kurekebisha kimoja tu. Nikasema tangu siku ile, Smaranda akinifunga vifungo asubuhi, nasimama kimya. Nikaanza kulia tena, pale pale, kofia mkononi. Na dirisha la nyuma ni la kioo kimoja, nikasema, waambieni.

Bi Aspazia akanipa leso. Akasema Otilia amecheka hadi akakaa chini aliposikia amezikwa pamoja na farasi. Akasema hapa kwetu mtu anayesomwa kati ya wafu akiwa hai huishi sana, kwa hiyo hana kinyongo. Lakini viti, hapana. Viti hawezi kunipa.

Nilijua. Nikavaa kofia niondoke.

Vimekwenda kwa mwingine, akasema. Akanisomea. Ilikuwa fupi: "Mimi sijui mambo ya kamera. Otilia alipovifungua vile vifungo, niligeuka kumtazama mume wangu. Alikuwa analia mdomo wazi, na yeye ni mtu anayetazamaga madirisha tu. Anayeweza kumfanyia mtu wangu hivyo kwa shati tupu, apewe taa yake. Smaranda, jengo la 4, ghorofa ya tatu."

Nusu ukurasa!

Nilikimbia hadi nyumbani. Nikateleza mara mbili. Halafu, nikiwa kwenye ngazi, nikakumbuka: ni yeye na mwenzi atakayemchagua. Na Mama mkwe alikuwa ameshapata habari, ameshaanza kuuliza hoteli yenyewe ina kochi au vitanda. Nikabisha hodi kwenye mlango wangu mwenyewe. Smaranda akafungua, unga hadi viwikoni. Nikamwambia akimchagua mama yake nitaelewa. Nikamwambia sistahili hata kukaa kwenye ngazi za ukumbi ule.

Akasema ni kweli, sistahili. Akasema atanichukua hivyo hivyo, maana akilia peke yake hana wa kumlowesha. Kisha akanipaka unga puani.

Hoteli! Siku mbili! Naandika haya pua nyeupe na sitaki kuipangusa.

Jumanne, 25 Februari. Siku ya 39 ya ndoa.

Nimelala juu ya jambo hili na asubuhi nimeliona wazi. Mpango wangu umefanya kazi.

Tufikirie bila haraka. Nilitaka kumpeleka Smaranda Bucharest. Smaranda anakwenda Bucharest. Nini kilichompa ushindi? Ukurasa wake. Ukurasa wake unahusu nini? Machozi yangu. Nani alikuwa na wazo la kwenda kuona "Vifungo Sita" Jumanne ile? Yeye, sawa, lakini tiketi nilikata mimi. Smaranda nimemweleza hayo wakati wa kahawa. Alinitazama kwa upole kabisa, akanisogezea sukari.

Nimemsamehe hata shemeji. Amekuja kuomba radhi, kalazimishwa na mama yake, na kuniuliza kama tutamletea kijitabu cha sherehe. Nimesema nitafikiria. Nimeshafikiria. Hapana. Au labda.

Sasa limebaki jambo moja dogo. Mwaliko unasema wanaume suti nyeusi. Mimi ninayo moja, ya harusi, ya kahawia. Lakini msimamizi wetu wa ndoa, Mzee Octavian, aliyetushikia mishumaa kanisani pamoja na mkewe Lucretia, ana suti nyeusi safi, na mabega yake ni kama yangu. Smaranda anasema nimpigie simu nimwombe. Nimwombe tu! Hivi hivi! Malaika wangu.

Hapana. Maharusi wote huenda kwa wasimamizi wao kabla ya mfungo kuanza, na mfungo unaanza Jumatatu. Kwa hiyo tutakwenda na mkate mtamu wenye kokwa za jozi, na kuku. Nitavaa ile ya kahawia. Mezani, wakati wa kunyanyua glasi, mkono utaniteleza. Divai nyekundu, ya kutosha, kifuani. Mzee Octavian ni mtu wa heshima, hawezi kuniacha niondoke nyumbani kwake nikiwa nimelowa. Atafungua kabati mwenyewe, nami nitairudisha baada ya Bucharest. Hakuna kitakachoharibika isipokuwa suti yangu ya pekee.

Nimempigia simu sasa hivi. Nimemwuliza hali ya magoti, hali ya kuku, hali ya divai ya mwaka huu. Nyekundu, amesema, nzito, doa lake halitoki. Safi kabisa! Nikamwambia mimi na Smaranda tumewakumbuka mno hadi hatulali, na mwezi huu hautaisha kabla hatujafika kwao. Ijumaa, mapema, wote wawili.